Hakubadilika, Alibadilishwa

Mwulize shabiki yeyote wa Doctor Who uanzie wapi kuitazama, atakujibu bila kufikiri: anza 2005. Ruka yale ya zamani. Picha nyeusi na nyeupe, mandhari ya maboksi, na mzee mmoja anayesahau maneno yake. Ushauri huo nimepewa mara nyingi, na mara ya mwisho niliusikia ukitolewa sebuleni kwetu na mtoto wa mama mdogo, aliyekuwa akimwelekeza rafiki yake wa chuo namna ya kuingia kwenye tamthilia yenye umri wa miaka sitini na ushei. "Yule mzee wa kwanza wala usihangaike naye," alisema. "Ni yule aliyebadilika akawa mwingine, basi."

Mama yangu alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha siku zote, anachambua mchicha. Hakusema kitu. Mimi nilichukua rimoti nikazima televisheni, jambo ambalo mgeni hakulielewa na ambalo mpaka leo nadaiwa maelezo yake. Maelezo yenyewe ni haya.

Yule mzee hakubadilika. Alibadilishwa. Kiswahili kinayatenganisha mambo hayo mawili kwa silabi chache tu, lakini kinayatenganisha kabisa: la kwanza limetokea lenyewe, la pili lina mtu aliyelifanya. Na mimi nimechoka kusikia la pili likisimuliwa kama la kwanza.

Kwa asiyeijua, Doctor Who ni tamthilia ya BBC kuhusu msafiri anayejiita Daktari, mtu asiye wa dunia hii, anayepita katika wakati na anga ndani ya chombo kiitwacho TARDIS. Kwa nje chombo hicho ni kibanda cha bluu cha polisi, kama vile vilivyokuwa vikisimama mitaani London. Kwa ndani ni kikubwa kuliko kwa nje. Ilianza tarehe 23 Novemba 1963, siku moja baada ya Rais Kennedy kuuawa, na wiki iliyofuata BBC ikairudia sehemu ya kwanza kabla ya kuonyesha ya pili. Ilisimama 1989, ikajaribiwa kwa filamu moja 1996, ikafufuka 2005. Siri ya maisha yake marefu kila mtu anaijua: Daktari akikaribia kufa, mwili wake wote hugeuka, akapata sura mpya, sauti mpya na tabia mpya, hadithi ikaendelea. Mwigizaji huondoka, Daktari hubaki. Mashabiki hulia kila inapotokea. Wachambuzi huandika kwamba hilo ni wazo zuri kuliko yote yaliyowahi kubuniwa kwa ajili ya televisheni, kwamba ni fumbo la kifo na matumaini.

Huenda leo ni fumbo. Mwaka 1966 lilikuwa suluhisho la mwajiri mwenye mfanyakazi mgonjwa.

Mfanyakazi huyo aliitwa William Hartnell. Alizaliwa London mwaka 1908 na mama asiyeolewa, na baba yake hakuwahi kumjua. Aliyemshika mkono ni mkusanyaji wa michoro aitwaye Hugh Blaker, ndiye aliyempeleka shule ya uigizaji. Mwaka 1925 alijiunga na kundi la Frank Benson lililokuwa likizunguka na tamthilia za Shakespeare, na tangu hapo akala kwa jasho la jukwaa na kamera. Wakati wa Vita Kuu ya Pili aliingia kikosi cha vifaru. Vita havijaisha akarudishwa nyumbani, akili imelemewa. Noël Coward alimfukuza kwenye filamu ya In Which We Serve kwa kuchelewa kazini. Kisha mwaka 1944 akaigiza sajenti kwenye The Way Ahead, na akaigiza vizuri mno kwa hasara yake mwenyewe, kwa sababu kuanzia siku ile waongozaji wa Uingereza wakimtazama waliona sajenti. Alikuwa sajenti kwenye Carry On Sergeant ya 1958, sajenti meja kwenye vichekesho vya The Army Game. Asipokuwa mwanajeshi alikuwa jambazi, kama Dallow wa Brighton Rock ya 1947. Miaka ishirini ya kufokea watu.

Waliomwona zaidi ya hapo ni vijana wawili. Mtayarishaji, Verity Lambert, alikuwa na miaka 27, mwanamke kwenye cheo ambacho BBC ilizoea kuwapa wanaume. Mwongozaji wa hadithi ya kwanza, Waris Hussein, mzaliwa wa India, alikuwa na miaka 24. Lambert alikuwa amemwona kwenye This Sporting Life, akicheza mzee mnyonge wa pembezoni mwa mpira wa raga, akaona ndani ya sajenti kuna mtu mwingine. Wakamfuata, wakamshawishi. Hartnell alikuwa na miaka 55. Zile nywele ndefu nyeupe zilikuwa wigi. Nalitaja hilo makusudi, kwa sababu watu wanaomwita kizee hawajui kwamba Peter Capaldi alipotangazwa kuwa Daktari mwaka 2013 alikuwa na umri uleule, 55.

Kazi aliipenda. Inasimuliwa alitaka kila kitufe kwenye meza ya kuendeshea TARDIS kiwe na kazi yake moja isiyobadilika, kwa hoja kwamba watoto watagundua ukibahatisha. Fikiria hilo. Mtu mzima, miaka karibu arobaini kwenye fani, amesimama mbele ya meza ya mbao na taa za bandia, anajifundisha kuiendesha kama dereva wa treni. Aliamini kwamba anawafanyia watoto kazi, na kwamba watoto hawadanganywi ovyo.

Sasa tazama walichomfanyisha. Msimu wa kwanza ulikuwa na sehemu 42. Wa pili, 39. Wa tatu, 45. Siku nne mazoezi, siku ya tano kurekodi, kisha mnaanza upya, karibu mwaka mzima. Na kurekodi kwenyewe kulikuwa karibu na matangazo ya moja kwa moja, maana kukata na kuunga mkanda wa video wakati ule ilikuwa gharama na usumbufu. Ulimi ukiteleza, unabaki umeteleza milele. Kuna mahali kwenye The Chase, mwaka 1965, anataka kusema kitu kinaelea angani na kinamtoka kama kinaelea Hispania. Mashabiki wamekusanya kuteleza kwake kote, wanakucheka kwa upendo, wanasema. Sawa. Lakini wengi hawajui kwamba sehemu ya yale makosa, hasa lile la kumwita mwalimu Ian Chesterton kila jina isipokuwa Chesterton, yalikuwa ya mhusika, yalipangwa. Mtu akishapewa jina la msahaulifu, hata ustadi wake unahesabiwa ugonjwa.

Ugonjwa ulikuwapo pia, sikatai. Mishipa ya damu ilikuwa inakakamaa, na kumbukumbu inaanza kumtoka. Na wakati uleule watu wake wakaondoka mmoja mmoja. Carole Ann Ford, aliyecheza mjukuu wake, aliondoka mwisho wa 1964. William Russell na Jacqueline Hill, wale walimu wawili, wakaondoka pamoja katikati ya 1965. Mwaka huohuo Lambert naye akaenda zake. Wa kwanza wote wakawa wamekwisha, amebaki yeye na wigi lake miongoni mwa wageni, na wageni wenyewe wanaona wamekuta kikwazo.

Hapa ndipo nataka tusimame, kwa sababu wapenzi wa fumbo hupapita haraka. Mtayarishaji aliyemrithi Lambert, John Wiles, hakuelewana na Hartnell. Mwanzoni mwa 1966 kulikuwa na hadithi iitwayo The Celestial Toymaker, ambamo adui, bwana wa midoli na michezo, anamfanya Daktari asionekane. Wiles na mhariri wake wa hadithi, Donald Tosh, wakapata wazo: Daktari atakaporudishwa kuonekana, arudi na sura ya mwigizaji mwingine. Yaani Hartnell aingie kwenye hadithi na asitoke. Wakubwa wa BBC walikataa, mkataba wake ukaongezwa, Wiles ndiye aliyeondoka.

Umeona mpangilio? Hakuna bado habari ya mwili unaojihuisha, hakuna bado fumbo. Kuna mtu ambaye ofisi inataka aondoke, na kuna watu wanatafuta hadithi ya kumwondolea. Miezi michache baadaye mtayarishaji mwingine, Innes Lloyd, na mhariri Gerry Davis waliipata hadithi bora zaidi, na safari hii ikakubaliwa. Ikaitwa The Tenth Planet. Katika sehemu ya tatu Hartnell alikuwa mgonjwa, hayumo; maneno yake wakagawiwa wenzake, na mhusika akaandikiwa kuanguka na kulala. Mhusika anazirai kwa sababu mwigizaji yuko kitandani. Tarehe 29 Oktoba 1966, mwisho wa sehemu ya nne, alilala sakafuni mwa TARDIS na aliyeamka alikuwa Patrick Troughton.

Alikuwa na miaka 58. Mtumishi wa serikali wa Tanzania angekuwa bado na miaka miwili kabla ya kustaafu kwa lazima.

Adui wa hadithi hiyo ni Cybermen, wanaoonekana pale kwa mara ya kwanza: watu waliobadilisha viungo vyao vilivyochoka kwa chuma na plastiki, kimoja kimoja, mpaka maumivu yakaisha na wao wenyewe wakaisha. Kit Pedler aliyewabuni alikuwa mwanasayansi wa tiba, na jambo lile lilimtisha kwelikweli. Sidhani kama kuna mtu studioni aliyecheka.

Sasa nirudi sebuleni, kwa mama na mchicha wake.

Mama alikuwa mtangazaji wa kipindi cha watoto. Kituo sitakitaja. Hewani aliitwa Bibi, ingawa alipoanza hakuwa hata na miaka thelathini. Alijifunza kukokota sauti, kukohoa kidogo kabla ya hadithi, kumwita kila mtoto mjukuu wangu. Watoto wa mitaa mitano walimwandikia barua. Nilipokuwa na miaka tisa alifanyiwa upasuaji wa tezi la shingo, na sauti iliporudi ilirudi na mikwaruzo. Mimi niliona inafaa zaidi kwa Bibi. Ofisi haikuona hivyo. Alipewa barua yenye neno lile tunalolijua, kwamba amepumzishwa. Hakuna aliyemfokea. Walimletea keki.

Jumamosi iliyofuata kipindi kilianza kwa wimbo uleule, jogoo yuleyule, na "hodi wajukuu" ileile, kwa sauti ya msichana. Wakaeleza kwamba Bibi amekunywa maji ya chemchemi, amerudi ujana. Shuleni wenzangu walilifurahia sana jambo hilo. Nami nilicheka nao, kwa sababu ilikuwa hadithi nzuri, na nyumbani mama alikuwa anasikiliza redio akiwa ameishika mapajani kama mtu aliyeshika mtoto wa jirani.

Kwa hiyo nikiambiwa kwamba badiliko la 1966 ni wazo zuri, nakubali kwamba ni zuri. Hiyo ndiyo shida yake. Lingekuwa baya, watu wangeuliza maswali. Wangesema, kwani yule mwingine yuko wapi? Uzuri wake ndio unaoziba swali. Mtazamaji anafundishwa kumlilia Daktari, ambaye hajafa, ili asimuulizie Hartnell, ambaye yuko nyumbani Jumamosi jioni kama watu wengine.

Najua majibu. La kwanza: bila badiliko lile tamthilia ingekufa 1966. Pengine. Lakini angalia kilichotokea baadaye. Troughton, mdogo kwa umri na mwenye afya, alikimbia kwenye ratiba ileile miaka mitatu, akalalamika kwamba kazi ni nyingi, akaondoka 1969. Mwaka uliofuata, Jon Pertwee alipoanza, msimu ulikuwa na sehemu 25. Ishirini na tano! Kumbe iliwezekana. Hartnell alivunjwa na ratiba ambayo mwajiri wake mwenyewe, miaka minne tu baadaye, aliikata karibu nusu. Msimu wa siku hizi, pamoja na kompyuta zote na pesa zote, una sehemu 8.

La pili: aliondoka kwa hiari, na hata alimbariki Troughton. Inasimuliwa hivyo, na nataka iwe kweli. Mama pia alimwelekeza yule msichana namna ya kukohoa. Mtu mwenye heshima na kazi yake huikabidhi vizuri hata akinyang'anywa. Isitoshe, mbinu yenyewe haikuhitaji hiari ya mtu, na ushahidi upo. Mwaka 1986 Colin Baker alifukuzwa. Akakataa kurudi kuja kuigiza kuondoka kwake mwenyewe. Wakafanyaje? Walimchukua mrithi wake, Sylvester McCoy, wakamvisha wigi la nywele za dhahabu za Baker, wakamlaza kifudifudi, wakamgeuza. Msimu wa 1987 ukaanza. Badiliko likafanyika bila wa kubadilika kuwapo! Tangu nilipoliona hilo wigi sijaweza tena kulia mahali ninapotakiwa kulia.

Jibu la tatu ni gumu zaidi, na wanaolitoa hudhani litanifunga mdomo mimi Mwafrika hasa. Hartnell alikuwa mkali, mwenye hasira za ghafla, na baadhi ya waliofanya naye kazi wameeleza kwamba alikuwa na chuki kwa watu wa rangi na dini nyingine. Wengine wametoa picha tofauti. Hussein, kijana wa Kihindi aliyemwongoza siku za kwanza, amesimulia jinsi walivyoanza kwa kutazamana kwa shaka na wakafika mahali pa kuheshimiana. Mimi nawasadiki waliosema kwamba waliumizwa na ulimi wake. Sitetei ulimi wake. Tungekutana pengine asingenipa mkono, nami ningemrudishia hivyohivyo.

Lakini haki ya mfanyakazi mgonjwa haitolewi kwa wapole pekee. Tukikubali kwamba mtu anapumzishwa kwa sababu hapendeki, basi kuanzia kesho kila ofisi itagundua kwamba mgonjwa wake hapendeki. Hakuna aliyemwondoa Hartnell kwa ajili ya chuki zake. Aliondolewa kwa sababu alisahau maneno na alisumbua ratiba. Kuja leo kusema alistahili ni kuipa BBC ya 1966 dhamira ambayo haikuwa nayo.

Na BBC yenyewe imejaribu kujipa dhamira hiyo. Krismasi ya 2017, kwenye Twice Upon a Time, David Bradley aliletwa kuvaa wigi la Hartnell, na Daktari wa kwanza akafanywa mzee wa kuaibisha, anayetarajia wanawake wamfagilie chombo, huku Capaldi pembeni akijificha uso. Watazamaji walicheka, mimi nikiwamo mara ya kwanza. Halafu nikarudi kuzitazama zile za 1964. Kwenye The Aztecs anayesimama katikati ya hadithi ni Barbara, mwalimu wa historia, anayejaribu kuikomesha kafara ya binadamu na kubishana na Daktari uso kwa uso. Zipo pia kauli za kizamani, ndiyo, ikiwamo ile ya kumtishia mjukuu wake kofi la matakoni. Ila kila neno lililotoka kwa Daktari liliandikwa na watu wa BBC, likapitishwa na BBC, likarushwa na BBC. Ukitaka kumshtaki Hartnell mtu, mshtaki kwa jina lake. Usimvishe mhusika uliyemwandika wewe aibu za enzi yako, kisha ukasimama kando kama uliyezaliwa jana.

Sasa kuhusu mikanda, na hapa hasira yangu inageuka kuwa kitu kingine.

Sehemu zaidi ya 90 za miaka ya kwanza ya Doctor Who hazipo. BBC ilifuta mikanda ya video ili itumike tena, kwa sababu ilikuwa ghali, kwa sababu mikataba na waigizaji iliweka mipaka ya kurudia vipindi, na kwa sababu rangi ilipoingia hakuna aliyetaka kununua nyeusi na nyeupe. Nakala za filamu nazo zikatupwa na kuchomwa mpaka karibu na mwisho wa miaka ya 1970. Sehemu ya nne ya The Tenth Planet, ile ya kuondoka kwake, ni mojawapo ya zilizopotea. Sekunde chache za kule kugeuka zimebaki kwa sababu kipindi cha watoto, Blue Peter, kilizionyesha mwaka 1973. Yaani mwajiri alimbadilisha mtu, kisha akafuta ushahidi kwamba alibadilishwa, na tulichonacho ni kipande kilichodondoka mfukoni mwa kipindi kingine.

Lakini sauti zipo, zote. Zipo kwa sababu vijana wa Uingereza, majumbani kwao, walikuwa wakirekodi sauti ya televisheni kwa mashine zao za kanda. Watoto ambao Hartnell alisema wangegundua. Waligundua.

Na picha nyingine zimerudi kutoka mbali. BBC ilikuwa ikiuza nakala za filamu za milimita 16 kwa vituo vya nchi zilizotoka kwenye ukoloni. Kenya na Uganda zilikuwa miongoni mwa wanunuzi miaka ya 1960. Nchi nyingi nakala hizo zilirudishwa au zikaangamizwa kama mkataba ulivyotaka. Nigeria baadhi zilibaki. Katikati ya miaka ya 1980 zilitoka huko sehemu za Hartnell za The Time Meddler na The War Machines, na mwaka 2013 ikatangazwa kwamba sehemu tisa za Troughton zilizopotea zimepatikana kwenye kituo cha televisheni mjini Jos. Nakumbuka vichwa vya habari vya siku ile, vya mshangao, kana kwamba hazina imeokotwa vichakani. Hazikuwa vichakani. Zilikuwa kwenye rafu, ndani ya makopo. Kituo cha Nigeria kilikuwa na kile ambacho London ilichoma.

Natamani ningesema hivyo kuhusu vituo vyote vya kwetu. Mama alipofikisha miaka sitini nilikwenda pale redioni kuomba nakala ya kipindi kimoja tu, chochote. Bwana aliyenipokea alikuwa muungwana. Alinipa kiti, alikumbuka Bibi, hata alikohoa vile. Kisha akanieleza kwamba mikanda ile ilirekodiwa juu yake zamani, mikutano, mipira, kila kitu. "Mkanda ulikuwa mali, dada," aliniambia. Jibu la London neno kwa neno, na yeye hajui.

Mwaka 2023 Ncuti Gatwa, mzaliwa wa Rwanda aliyekulia Scotland baada ya familia yake kukimbia mauaji ya kimbari, alikuwa Daktari. Nilifurahi mpaka nikaona haya. Na hadithi iliyomleta, The Giggle, adui wake ni yuleyule bwana wa midoli wa 1966. Safari hii, Daktari wa zamani hakutoweka. Aligawanyika. Kijana akatoka ndani yake na kwenda na chombo, na mkubwa, David Tennant, akabaki na chombo chake pia, akaambiwa apumzike, akakalishwa bustanini mezani na familia ya rafiki zake wakila. Sijui kama waandishi walikuwa wanamfikiria Hartnell. Najua kwamba miaka 57 baada ya kutaka kumpotezea mtu ndani ya mchezo wa adui huyo, waliweza hatimaye kufikiria mwigizaji anayeondoka na bado ana kiti.

Gatwa mwenyewe alitoka Mei 2025, na baadaye akasema hadharani kwamba mwili wake ulichoka. Alikuwa na miaka 32, na sehemu zake zote hazikufika 20. Hartnell alifanya 134.

Hartnell alirudi mara moja. Ilikuwa The Three Doctors, iliyoanza kuonyeshwa tarehe 30 Desemba 1972. Alikuwa amedhoofika kiasi kwamba sehemu yake ilipunguzwa, akarekodiwa peke yake, ameketi, anasoma maneno kwenye mabango. Kwenye hadithi anaonekana kupitia kioo cha chombo tu, akiwaamrisha warithi wake wawili kama watoto watukutu. Ukitazama macho utayaona yakifuata bango. Ukisikiliza sauti, ni Daktari mtupu. Alifariki Aprili 1975, ana miaka 67.

Wiki mbili baada ya kuzima ile televisheni niliwaalika tena, ndugu yangu na rafiki yake, nikapika pilau kama faini. Nikawawekea ya 1963, kisha nikaruka nikawawekea The Chase, kwa sababu sitaki kudanganya mtu. Nilitaka wayaone na makosa. Palipofika pale pa Hispania ndugu yangu akacheka, akanyoosha mkono kwenye rimoti apeleke mbele.

"Mwache amalize," alisema mama.

Alikuwa ameweka mchicha chini. Kwa ile sauti yake ya mikwaruzo alimuuliza kijana kama wale watu wa studio hawakuweza kurudia, hata mara moja. Nikaeleza habari ya mikanda na gharama ya kuikata. Mama akatikisa kichwa, akavuta kiti chake karibu na televisheni, akauliza zimebaki sehemu ngapi.